Nani alichagua kitabu hiki? Mashirika yanayogawa vitabu vipya kwa watoto, kwa jicho la mjalidi wa Lamu

Shaabani ikiingia, simu yangu huanza kulia. Jamaa zetu walioko Minneapolis, London, Jeddah, na hata hapo Mombasa, wote swali lao moja: tuna kitu kidogo cha kutoa, futari tumeshachangia miaka yote, mara hii tunataka watoto wapate vitabu, tena vipya. Tumpe nani?

Huniuliza mimi kwa sababu kazi yangu ni kujalidi, yaani kushona vitabu na kuvitia majalada. Nina chumba Mkomani, kazi nimeachiwa na babu, na mezani kwangu huja misahafu iliyoachia mgongo, juzuu za madrasa, hati za nyumba zilizoliwa na vidudu. Miaka hii ya karibuni vimezidi vitabu vya watoto. Walimu huvileta kwa boti kutoka Matondoni, Kipungani, Siyu na Faza. Kitabu cha msaada kikishachoka huishia kwangu, nami kabla sijakishona hukisoma. Kwa hiyo maoni haya ni ya fundi. Shirika huhesabu maboksi yaliyoshuka; mimi huona kilichobaki baada ya masika mbili.

Kwanza, hivyo vitabu vipya hutoka wapi? Wengi hudhani kuna tajiri ameingia dukani akanunua. Mara nyingi sivyo. Mchapishaji wa Uingereza au Marekani huchapa nakala nyingi kwa mpigo kwa sababu zikiwa nyingi kila moja humgharimu kidogo. Maduka huchukua, yasipouza hurudisha. Zilizorudi hukaa ghalani, na ghala halikai bure. Hapo ana njia tatu: aziuze kwa bei ya kutupa, azisage ziwe karatasi tena, au azitoe. Marekani sheria ya kodi humpa nafuu ya ziada mwenye kampuni anayetoa bidhaa zake kwa ajili ya wagonjwa, wahitaji na watoto wachanga, basi kutoa kunamfaa na yeye. Ukitaka kuitambua nakala iliyotoka kwenye mabaki ya namna hii, igeuze utazame ukingo wa chini. Mara nyingine utaona mstari au nukta ya kalamu nyeusi, alama ya kuwa duka halina ruhusa tena ya kuirudisha kwa bei kamili.

Sisemi haya kwa kubeza. Kitabu kile hakijaguswa na mtu, kinanukia wino, mtoto akikifungua mgongo unalia. Ila maana yake ni kwamba kilichomo ndani ya boksi kinaweza kuwa kimeamuliwa na kile ambacho watoto wa Manchester hawakukinunua. Ndiyo maana nikiletewa jina la shirika lolote, kabla ya kuuliza wametoa vitabu vingapi, huuliza nani alivichagua. Wahenga walisema mwomba chumvi huombea chunguche. Sasa mashirika mengine huleta chumvi bila hata kuuliza kama una chungu.

Nina mfano, na mwenyewe simtaji jina. Shule moja ya visiwani ilishushiwa shehena kutoka ng'ambo, vitabu vipya kabisa, vingine bado vimo ndani ya nailoni. Kulikuwa na kitabu cha tatu cha mfululizo fulani, nakala tele, cha kwanza na cha pili hakuna hata kimoja. Kulikuwa na vya mazoezi vya kujifunza hesabu za pesa, senti na dola zao, picha za sarafu ambazo mtoto wa Pate hatazishika maishani. Na kulikuwa na vile vya kubonyeza, vyenye betri ndogo za duara ndani ya jalada ili ng'ombe alie na gari lipige honi. Vilikaa bandarini, vikakaa ghalani, hewa ya chumvi ikavimaliza: betri zimevuja, zimetoa unga. Na betri ile mtoto mdogo akiimeza inamchoma koo, inaweza kumuua. Mwalimu mkuu alivileta vyote kwangu nizitoe kwa kisu. Nimezitoa. Ng'ombe sasa bubu, watoto ndio humtolea sauti, na kwa kweli naona ndivyo bora.

Tena shehena ile ililipiwa hadi bandari ya Kilindini, Mombasa, basi. Kutoka pale ni juu yenu. Lori mpaka Mokowe, makuli wa gatini, boti, kisha punda au hamali mpaka mlangoni pa shule. Karatasi ni nzito, jamani. Shule ililipa kwa pesa ambazo zingenunua vitabu vyenyewe. Huyo shirika kwenye taarifa zake bila shaka amehesabu nakala zote, pamoja na kitabu cha tatu.

Sasa nije kwa wanaojulikana.

Aliye karibu zaidi nasi ni Book Aid International ya London. Hawa ni wa siku nyingi. Walianzishwa mwaka 1954 na Hermione, mke wa Lord Ranfurly, ambaye mumewe alikuwa gavana kule Bahama. Mama yule aliona hakuna vitabu, akaanza kuviomba kwa marafiki kwao Uingereza. Shirika likaitwa Ranfurly Library, jina la sasa likaja 1994. Zamani walipokea hata vilivyotumika. Siku hizi husambaza vipya tu, vinavyotolewa na wachapishaji, na hapa Kenya wameshirikiana muda mrefu na huduma ya maktaba za taifa, ile ile iliyoanzisha maktaba ya ngamia kule Garissa mwaka 1996.

Ninachowapendea ni kwamba wana mwenyeji. Havishushwi ovyo, vinapitia kwa wakutubi wanaojua rafu zao zina pengo gani. Walikuwa na mpango wa pembe za watoto katika maktaba za Kenya, na ndani yake mambo matatu kwa pamoja: vitabu vipya kutoka Uingereza, fedha za kununua vitabu vya hapa hapa, na mafunzo kwa mkutubi namna ya kukaa na watoto. Hilo la pili ndilo lililonifanya niwaheshimu. Mtu anayekiri kwamba boksi lake peke yake halitoshi, huyo amewahi kukaa na watoto.

Kwa kazi ya mikono, vitabu vyao nimevishika vingi. Vya wadogo kabisa, vile vya kadibodi nene, ni imara. Mtoto atavitafuna, atavikalia, na bado vitasimama. Vya hadithi za wakubwa kidogo ndivyo vinavyonipa kazi, navyo si kosa la shirika bali la viwanda. Vingi vimebandikwa mgongo kwa gundi ya moto, havikushonwa. Gundi ile ilitengenezewa nyumba zenye hewa kavu. Hapa kwetu, chumba cha bati mchana, chumvi usiku, mgongo unakauka, unavunjika, kurasa zinaanza kutoka moja moja. Na karatasi ya kung'aa ikipata maji ya mvua ikakauka ikiwa imefungwa, kurasa zinagandana, huzibandui tena bila kupasua picha. Walimu nawaambia kila siku: kikilowa, usikifunge, kisimamishe wima kikiwa wazi, mahali penye upepo, weka karatasi kavu kati ya kurasa. Jua kali usikipe.

Hasara ya Book Aid kwa upande wetu ni lugha. Vinavyotoka Uingereza ni vya Kiingereza, basi. Mtoto wa darasa la sita anafaidi. Mtoto wa miaka mitano anayeongea Kiamu nyumbani anafaidi picha.

Books For Africa ya Minnesota nimeulizwa sana na jamaa wa huko, kwa kuwa wanaipita barabarani. Ilianza 1988, bwana mmoja mwuza vitabu, Tom Warth, alizuru Uganda akaingia maktaba isiyokuwa na vitabu vya kutosha. Wao kazi yao ni makontena. Kontena la futi arobaini hubeba vitabu kama 22,000, vipya na vilivyotumika vimechanganyika. Ni mzigo mkubwa, nao unahitaji mtu mkubwa wa kuupokea: chuo kikuu, kaunti, umoja wa shule. Kama nyinyi ni watu kumi mliochangishana kwenye WhatsApp, hii si saizi yenu. Na kama swali ni vitabu vipya kwa watoto wadogo, kuna njia za karibu zaidi.

Wapo pia ambao hawafiki Kenya kabisa, lakini nawataja kwa sababu mtindo wao ndio ninaotamani uigwe. Kule Marekani kuna First Book, tangu 1992, makao yake Washington. Wameshatoa zaidi ya nakala milioni 200. Lakini idadi hiyo si inayonishangaza. Kinachonishangaza ni kwamba mwalimu ndiye anayechagua. Mwalimu au mlezi anayefundisha watoto ambao wengi wao wanatoka nyumba zenye kipato cha chini hujiandikisha, kisha ana milango miwili. Mmoja ni benki ya vitabu, ambako vile vilivyotolewa na wachapishaji anavichukua bure akilipia usafiri tu. Wa pili ni soko lao, ambako vitabu vipya huuzwa kwa bei ya chini sana. Bei inashuka kwa sababu First Book hununua kwa wingi na huahidi kutorudisha hata kimoja. Mchapishaji akijua hakuna kitakachorudi, anaweza kupunguza.

Na wakaenda mbali zaidi. Mwaka 2013 walianza mpango walioupa jina Stories for All, kwa sababu walimu wao walilalamika kwamba watoto weusi na wa makabila mengine hawajioni vitabuni. Badala ya kuwaomba wachapishaji kwa maneno, walikwenda na fedha: tutanunua, chapeni. Hapo mnunuzi wa maskini akawa mnunuzi wa kusikilizwa. Niliposoma habari hiyo niliiweka sindano chini. Sisi huku kila mwaka tunapiga kelele hakuna vitabu vizuri vya Kiswahili vya watoto, kisha sadaka zetu tunazipeleka zikalipie nauli ya vitabu vya Kiingereza.

Kuna pia yule mwimbaji wa Tennessee, Dolly Parton. Mtu asicheke. Baba yake hakujua kusoma wala kuandika, na yeye mwaka 1995 akaanza kuwapa vitabu watoto wa wilaya alikozaliwa, Sevier. Leo Imagination Library yake iko Marekani, Canada, Uingereza, Ireland na Australia, na imeshapita nakala milioni 200. Mtoto akisajiliwa, kila mwezi anapelekewa kitabu kipya nyumbani kwa posta mpaka atimize miaka mitano. Bahasha ina jina la mtoto mwenyewe. Vitabu huchaguliwa na kamati kulingana na umri, kwa hiyo katika mizani yangu hapo anapungukiwa, mtoto hachagui. Lakini lile jina! Fikiria mtoto wa miaka mitatu anapokea barua ambayo baba yake hana haki ya kuifungua.

Kwetu haiwezekani kwa njia ile. Lamu posta haigongi mlango. Mtu ana sanduku, au anatumia sanduku la shule, au la ami yake. Na nyumba zenyewe anwani yake ni kwa kina fulani, ukipita msikiti fulani, mkono wa kushoto. Ila jina la mtoto ndani ya jalada halihitaji posta. Walimu wakiniletea vitabu vya kugawa, huwaomba orodha ya watoto nami huandika jina kwa kalamu ya wino, hati nzuri, kama tunavyoandika jina la mwenye msahafu. Siwatozi.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya walimu, tena walimu ninaowapenda. Sisi watu wa pwani tunajua sana wakfu. Misahafu ya misikitini imeandikwa wakfu ukurasa wa kwanza, na Siyu, ambako leo nashonea vitabu vya Grade Two, karne ya 18 na ya 19 ilikuwa mashuhuri kwa misahafu yake iliyonakiliwa kwa mkono. Wakfu hauuzwi, haurithiwi, si wa mtu. Kwa hiyo kitabu cha msaada kikija shuleni mwalimu hukiona kwa jicho lile lile: ni amana, kisipotee, kisichafuke. Anakitia kabatini. Anafunga. Ufunguo uko kwa naibu, na naibu amekwenda Mpeketoni.

Nimeingia shule nikakuta kabati la vioo limejaa vitabu vipya vya kupendeza ambavyo miaka vimekaa bado vipya. Mwalimu ananionyesha kwa fahari. Mimi moyo unanishuka. Kitabu kisichowahi kuletwa kwangu kurekebishwa ndicho kinachonitia wasiwasi, maana kile kilicholegea mgongo, chenye alama ya vidole vya mafuta na ukurasa uliorudishwa kwa plasta ya hospitali, hicho kimesomwa. Na mtoaji akikuonyesha picha ya kabati zuri, muulize kama ana picha ya kitabu kibovu.

Wamarekani hili waliligundua mapema. Margaret McNamara, mke wa waziri wa ulinzi wa enzi zile, alikuwa akiwafundisha kusoma wavulana wa shule huko Washington. Akawapelekea vitabu, na walipojua kwamba wanaweza kuvichukua viwe vyao, furaha yao ikamzidi. Kutoka hapo mwaka 1966 akaanzisha Reading Is Fundamental, na desturi yake ikawa mtoto anachagua mwenyewe na anakwenda nacho nyumbani. Mambo mawili, kuchagua na kumiliki. Waingereza nao wana Bookstart, iliyoanzia Birmingham mwaka 1992, ambayo humpa kitabu hata mtoto mchanga.

Mimi nimeliona hapa kwetu kwa macho yangu. Mwalimu mmoja wa Shela alitandika mkeka uani, akavipanga vitabu, akawaacha watoto wazunguke. Msichana mmoja alikishika kimoja akakirudisha, akashika kingine, akakirudia cha kwanza. Kisha akaja kwangu, maana mimi ndiye niliyekuwa na kalamu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hichi changu? Nisikirejeshe?" Nikamwambia, chako, mwanangu, hata ukikitia mchuzi. Akakitazama tena, akasema basi ngoja, akaenda kukibadilisha. Alipojua ni chake ndipo alipochagua kwa kweli. Kile cha kwanza alikuwa amechagua kinachompendeza mwalimu.

Vyote viwili vinahitajika, wakfu na hiba, yaani zawadi anayoimiliki mtu mwenyewe. Maktaba iwe na vyake, mtoto awe na chake. Lakini ukiniuliza leo, kwa visiwa hivi, wapi pana upungufu mkubwa zaidi, nitakwambia ni hiba. Vitabu vya kiada serikali yenyewe imekuwa ikivipeleka moja kwa moja mashuleni tangu 2018. Kitabu cha hadithi nyumbani, chini ya mto wa mtoto, ndicho hakipo.

Tuje kwenye Kiswahili, maana hapo ndipo maneno yangu yote yanapoelekea. Room to Read, shirika lililoanza mwaka 2000 na lenye kazi kubwa Asia, liko Tanzania pia, na limechapisha hadithi za watoto za Kiswahili badala ya kuagiza za Kiingereza tu. Nimeona chache zilizovuka mpaka. Picha safi, watoto wanaofanana na wetu, sentensi fupi. Lakini mtindo ulionivutia zaidi ni wa zamani kidogo, wa huko huko Tanzania: Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991 kwa msaada wa CODE ya Canada. Mchapishaji wa ndani akitoa kitabu kizuri cha watoto kwa Kiswahili, wakachapa nakala 5,000, mradi ulikuwa ukinunua 3,000 na kuzigawa mashuleni. Zilizobaki mchapishaji anauza. Tazama hesabu hiyo. Mtoto anapata kitabu kipya bure, mwandishi analipwa, mchoraji analipwa, kiwanda cha hapa kinapata kazi, na duka la mjini bado lina cha kuuza. Makontena hayafanyi hata nusu ya hilo. Wenye maduka ya vitabu huku pwani ukiwauliza watakwambia mzigo wa bure ukishuka wao wiki hiyo hawauzi kitu.

Kenya tunaye Storymoja, ambao ni wachapishaji wenyewe, na wana kampeni ya Start a Library ya kuzipa shule za msingi vitabu vya hadithi. Nawapa alama nzuri kwa kuwa wanajua watoto wa Kenya wanacheka nini. Ila hapa Lamu hatuwaoni mara kwa mara, na tuseme kweli, ni nani anayetuona mara kwa mara?

Mwisho kuna African Storybook ya Saide, shirika la elimu la Johannesburg. Hao hawaleti boksi. Wana tovuti yenye hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kimo, na leseni zake zinakuruhusu kuchapa, na nyingi zinakuruhusu hata kutafsiri upya. Kwa fundi kama mimi hii ni kama mfupa kwa paka. Nachagua na watoto kwenye simu, kijana wa saiba, duka la intaneti, anachapa, nakunja, nashona mgongoni kwa uzi uliopakwa nta. Nasisitiza uzi: vijitabu vinavyobanwa kwa pini, pini inashika kutu msimu mmoja tu, inachafua karatasi, kisha inaikata. Na gundi ya unga wa ngano usiitumie bila kutia dawa ya wadudu, la sivyo umewaandalia mchwa karamu. Kiswahili cha hadithi hizo kinapanda na kushuka. Nyingine nzuri hasa, nyingine utasikia mtafsiri anasukuma mkokoteni kwenye mchanga. Watoto wa hapa wakikutana na sentensi ya namna hiyo huirekebisha wenyewe kwa sauti, nami huwaacha.

Kwa hivyo jamaa zangu wa Shaabani, jibu langu ni hili. Walioko Uingereza na wanataka kumpa mtu wa kuaminika bila kuhangaika, wape Book Aid, hawatakutia aibu. Walioko Marekani wanaotaka watoto wa mtaa wao wenyewe huko wapate, watoto wa Kisomali na wa Kiswahili waliohamia, wazungumze na mwalimu wao ajiandikishe First Book; ni sadaka pia, si lazima ivuke bahari. Lakini wanaotaka watoto wa Lamu, msinitumie vitabu. Nitumieni fedha, tena kidogo kidogo kila muhula, kuliko nyingi mara moja. Vitabu vya Kiswahili vipya tunanunua Mombasa kwa wachapishaji wa Kenya. Ndiyo, serikali inatoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye vitabu tangu 2013, jambo ambalo nikianza kulisema hapa sitamaliza. Hata hivyo kijitabu cha hadithi bado ni bei ya sahani ya biriani, mara nyingine pungufu. Mwalimu anapanga mkeka, watoto wanachagua, mimi naandika majina na naimarisha migongo kabla havijaharibika.

Anayehitaji orodha ya vitabu ambavyo watoto wa hapa wamevimaliza na kuvirudia, iko kwangu, nitampa. Wanapenda vya mabaharia, vya wanyama wajanja, na kwa sababu nisiyoijua, chochote chenye treni. Nipigieni baada ya Alasiri. Asubuhi niko kwenye gundi, na gundi haingoji mtu.